Je, mnara wa simu unaweza kukiwasha kipimajoto changu baharini?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Mlingotini, Bagamoyo. Nawasaidia akina mama wa kikundi cha mwani kupima joto la maji shambani, kwa sababu maji yakizidi joto mwani wa aina ya kotoni unageuka mweupe na kukatika. Nimeunda kifaa chenye bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo), kihisi cha joto cha DS18B20 na redio ya LoRa inayotuma kipimo kila dakika hadi ufukweni, kama mita 600. Betri ni 18650 mbili nilizozitoa kwenye kompyuta mpakato mbovu, nimeziunga sambamba. Zinaisha baada ya siku nane, na kila nikitaka kuzibadilisha lazima nisubiri maji yapwe. Niliweka sola ya wati 10, ikaibwa wiki ya pili. Kuna mnara wa simu mita 300 hivi kutoka hapo, na nimeona video ya mtu anawasha taa kwa mawimbi ya mnara, ana antena na diodi tu. Wengine wananiambia nitumie matope ya mikoko, au mawimbi ya bahari. Kipi kitafanya kazi? Na ikiwezekana nichajie na simu hapohapo."

Marahaba. Nikikuelewa vizuri, unatafuta umeme usioibika na usiokulazimisha kuingia majini kila wiki. Jibu la haraka ni hili: mnara hautakufaa, matope yanawezekana ila kwa taabu, mawimbi ya bahari yaache, na jua bado ndilo lenye nguvu kuliko vyote hapo Mlingotini. Ila kabla hujatafuta chanzo kingine, tazama bodi yako. Inakula umeme mara elfu moja kuliko kazi unayoipa.

Hesabu yako mwenyewe inaonyesha hivyo. Betri za 18650 zilizotoka kwenye kompyuta chakavu mara nyingi zimebaki na miliampea-saa 2000 kila moja, kwa hiyo mbili ni 4000. Siku nane ni saa 192. Gawanya, unapata wastani wa miliampea 21, sawa na miliwati 75 hivi usiku na mchana. Chipu ya ESP32 yenyewe ikiwa kwenye usingizi mzito hutumia mikroampea 10 hivi tu. Nyingine zote zinaishia kwenye vitu vilivyoizunguka. Regulata (kidhibiti cha volti) ya AMS1117 iliyoko kwenye bodi nyingi za bei nafuu hula kama miliampea 5 hata kama haina inachokilisha. Ile taa nyekundu ya kuonyesha umeme upo hula miliampea moja au mbili. Chipu ya USB nayo ina mgawo wake. Redio ya LoRa usipoiamuru ilale hubaki imesimama ikisubiri, na hapo huchukua miliampea 1.6 badala ya mikroampea 0.2. Juu ya yote hayo unaiamsha bodi kila dakika. Maji ya bahari hayabadiliki joto kwa dakika, hata kwenye kina kifupi wakati wa kupwa jua la saa saba likiwaka. Kila dakika 15 inatosha kabisa kwa mwani.

Sasa tuijenge upya kwa vipande vilevile vya kawaida. Chukua chipu ya ATmega328P tupu, si bodi nzima ya Arduino, ikimbie kwa megahezi 8 na volti 3.3. Ikilala huku saa yake ya ndani ya kuiamsha inafanya kazi, hula mikroampea 5 hivi. Regulata iwe MCP1700, ambayo yenyewe kwa kawaida hutumia mikroampea mbili hivi. Ukiacha nafasi ya uvujaji mdogo hapa na pale, usingizi mzima unakuja mikroampea 8. Kila ikiamka, kihisi cha DS18B20 kinataka miliampea 1.5 kwa sekunde 0.75 kumaliza kipimo chake cha biti 12, na wakati huo chipu inaweza kuendelea kulala. Kisha chipu inakaa macho sehemu ndogo ya sekunde kupanga ujumbe, halafu redio inatuma baiti 12 kwa milisekunde 60 hivi ikila miliampea 90. Ukijumlisha na kuongeza kidogo kwa usalama, kila mwamko unagharimu miliampea 9 kwa sekunde moja. Ukizitandaza kwenye sekunde 900 za dakika 15, unapata mikroampea 10. Pamoja na usingizi ni 18, yaani mikrowati 60.

Kutoka miliwati 75 hadi mikrowati 60. Kwa siku nzima kifaa kinataka miliampea-saa 0.43 tu, sawa na jouli 5 na kidogo.

Kama hutaki kuachana na ESP32 kwa sababu programu yako imekwisha kuandikwa, tumia moduli yake tupu isiyo na chipu ya USB wala regulata, uilishe moja kwa moja kwa betri ya volti 3.2 ambayo nitaieleza mbele. Kuamka kwake ni ghali zaidi, kwa hiyo utaishia kwenye mikroampea 50 hivi. Hiyo nayo inakubalika. Na kihisi ukilishe kupitia pini ya chipu, usikiunge kwenye laini ya umeme moja kwa moja, ili kikizimwa kizimwe kweli.

Usiamini hesabu hizi mpaka upime. Hapa wengi hukwama, kwa sababu multimita ya kawaida kwenye masafa ya mikroampea ina rezista kubwa ndani yake. Kifaa kikiamka volti zinaporomoka, kinajizima na kuanza upya, nawe unasoma namba zisizo na maana. Kuna njia rahisi zaidi. Unga kondensa ya mikrofaradi 1000 kwenye njia ya umeme ya kifaa, ijaze hadi volti 3.6, subiri kifaa kilale, halafu chomoa chanzo na utazame volti kwa multimita. Kama zinachukua dakika moja hivi kushuka kutoka 3.5 hadi 3.0, unakula mikroampea 8. Zikishuka ndani ya sekunde moja, kuna kitu hakijalala, na mara nyingi ni redio. Fanya jaribio hili huku regulata imerukwa, la sivyo utakuwa unaipima hiyo regulata.

Sasa mnara wako. Mawimbi ya redio yanabeba nishati, hilo ni kweli, na diodi inaweza kuigeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu. Redio za zamani za kioo, zisizo na betri, zilifanya kazi kwa njia hiyo na zilitosha kutikisa kisikilizio cha sikioni. Kadi za kugusisha mlangoni pia hazina betri, zinalishwa na msomaji aliye sentimita chache tu. Tatizo ni umbali. Nguvu inatawanyika kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Tuuhesabie mnara kwa ukarimu, tuseme kuelekea kwako unatoa nguvu sawa na wati 1000 zikisambaa pande zote. Kwenye mita 300 kila mita ya mraba inapata chini ya miliwati moja. Antena ya dipoli ya megahezi 900, yenye urefu wa sentimita 16 hivi, inakusanya eneo la takriban sentimita za mraba 145. Hiyo ni mikrowati 13. Kwa nguvu ndogo kiasi hicho diodi haifunguki vizuri, na ukibahatika inakupa sehemu moja kwa tano, yaani mikrowati mbili na nusu. Ungehitaji antena zaidi ya ishirini kukilisha kifaa ambacho tayari tumekibana hadi mikrowati 60. Na hapo mvua haijanyesha, chumvi haijaganda kwenye antena na kuhamisha masafa yake, wala hatujakumbuka kwamba miale ya mnara imeelekezwa vijijini, si lazima kwenye shamba la mwani.

Simu inayochajiwa kwa wati 5 ingetaka antena milioni mbili za namna hiyo. Hilo tulifunge.

Video ulizoziona si zote za uongo. Taa ndogo ya LED nyekundu huonekana gizani hata kwa mikroampea makumi machache, na mtu anaweza kujaza kondensa kwa dakika kadhaa kisha akaipiga picha ikimweka mara moja. Wengine wamesimama karibu na kituo kikubwa cha redio ya masafa ya kati, ambako hata waya wa uzio unaweza kuwasha taa. Wengine wana betri ya saa mfukoni. Ila usije ukafunga waya kwenye uzio wa mnara au kupanda juu yake ili "kuvuna zaidi". Pale juu, mbele ya antena, ni hatari kwa mwili wako, na chini kuna umeme mkubwa wa kulisha mitambo.

Mawimbi ya bahari yana nguvu nyingi kuliko mnara, lakini ni nguvu ya polepole. Wimbi linakuja kila sekunde tatu, nne, tano, na jenereta ndogo zinataka mwendo wa haraka. Watu wanapenda vile visahani vya piezo vya milimita 27 vinavyotoa mlio, ambavyo vikibanwa hutoa umeme. Kisahani hicho kina uwezo wa nanofaradi 20 hivi, na ukikibana hadi volti 30 kinakupa mikrojouli 9. Jouli 5 za siku ni mibano zaidi ya laki tano na nusu, na bahari yenye wimbi kila sekunde nne inakupa 21,600 kwa siku. Sumaku inayoteleza ndani ya koili ni bora kuliko piezo, lakini kitu chochote chenye sehemu inayotembea ndani ya maji ya chumvi kitaota kombe na kukwama. Na maji yakipwa boya lako linalala mchangani.

Matope yanastahili heshima zaidi. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ukichomeka bati la zinki na waya wa shaba matopeni unapata kama volti moja, lakini hapo huvuni chochote: zinki inaliwa, umeunda betri tu, na kwenye maji ya chumvi zinki nyingi itaoza bure bila kukupa umeme. Njia ya pili ni ya kweli. Bakteria walioko kwenye matope meusi yasiyo na hewa huachia elektroni wanapokula mabaki ya majani. Ukizika kitambaa cha kaboni chini huko, na kingine ukakiacha kwenye maji yenye hewa juu, unapata volti 0.3 hadi 0.7. Mwaka 2008 watafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walieleza jinsi walivyoendesha boya la kupima hali ya hewa kwenye mto Potomac kwa njia hii. Toleo lao dogo lilikuwa na uzito wa kilo 16 na lilitoa miliwati 36.

Kwa mikrowati 60 zako, kitambaa cha ukubwa wa viganja vichache kingetosha kwa hesabu za karatasini. Kwa vitendo, bakteria huchukua wiki kadhaa kukaa sawa, nguvu hushuka baadaye, unahitaji chipu ya kupandisha volti inayokubali kuanza na volti ndogo kiasi hicho, na kitambaa cha juu lazima kiwe majini saa zote. Bamvua ya pwani yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mahali panapofaa kwa mwani, ambapo akina mama wanasimama maji yakiwa magotini, kitambaa hicho kitakauka. Kama una mwanafunzi wa sekondari anayetafuta mradi wa sayansi, mpe huu. Kwa kazi ya kikundi, hapana.

Usishangae nikikwambia kwamba, baada ya kubana matumizi, huenda huhitaji kuvuna kabisa. Miliampea-saa 0.43 kwa siku ni 160 kwa mwaka. Betri tatu za AA za alkalini zilizoungwa mfululizo, kupitia MCP1700, zina miliampea-saa 2000 na zitakaa miaka miwili bila wasiwasi. Kitakachoziua ni joto na kuvuja, si kazi. Usitumie mbili: volti 3.0 zake zitashuka chini ya kiwango cha DS18B20 mapema sana. Ukiipata betri ya litiamu ya volti 3.6 ya aina wanayoiweka kwenye mita za maji, hiyo hudumu zaidi, lakini haipendi kutoa miliampea 90 kwa ghafla baada ya kulala muda mrefu. Iwekee kondensa ya kutosha kubeba msukumo huo sambamba nayo.

Ningeanza na AA tatu kwa msimu mmoja, ili ujue kifaa kinalala kweli na ujumbe unafika. Sola iongezwe baadaye kama unataka boksi lisifunguliwe kabisa, kwa sababu kila unapolifungua ufukweni unaingiza hewa ya chumvi.

Hiyo sola si ya wati 10. Ile iliondoka kwa sababu inachaji simu, na kila apitaye anajua hivyo. Chukua kipande cha milimita 60 kwa 60, cha kama wati 0.4 na volti 5.5, ukigandishe ndani ya boksi chini ya mfuniko wa plastiki angavu. Utapoteza sehemu moja kwa kumi kwenye mfuniko, si kitu. Siku ya kawaida Bagamoyo ina jua linalolingana na saa tano kamili, kwa hiyo kipande hicho kinaweza kutoa jouli 6500 hivi kwa siku na wewe unataka 5. Masika ikifunga wiki nzima, ndege wakinya juu ya mfuniko, bado unabaki na ziada. Uinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini ili maji na uchafu viteremke. Akina mama wakienda shambani kwenye bamvua, mmoja aufute kwa kitambaa.

Betri ya kuhifadhia iwe moja ya litiamu ya aina ya LiFePO4, ya volti 3.2. Inavumilia joto kuliko 18650 za kawaida, na volti zake zinaweza kulisha chipu bila regulata. Lakini chaja yake lazima ikomee volti 3.6. Moduli ya kuchajia ya TP4056 iliyojaa madukani Kariakoo inakwenda hadi 4.2. Hiyo itaiua betri na kuichoma redio, ambayo mwisho wake wa kufanya kazi ni 3.7. Tafuta chipu iliyotengenezwa kwa LiFePO4, kama CN3058E, na umuulize muuzaji akuonyeshe karatasi ya maelezo, si neno lake tu.

Kondensa kubwa za faradi 5 au 10 zinavutia, lakini kwa mzigo mdogo hivi uvujaji wake mara nyingi unalingana na matumizi yako yote, na joto la boksi juani linazizeesha haraka. Diodi nayo ina mtego wake. Mafundi wengi wataweka 1N5817 kati ya sola na betri kwa sababu inapoteza volti kidogo. Ndani ya boksi lenye joto inaweza kurudisha nyuma mikroampea makumi kadhaa jua likizama, zaidi ya kifaa kizima kinavyokula. Weka diodi ya BAT85.

Chumvi ndiyo itakayokiua kifaa kabla ya umeme kukiishia. Paka bodi vanishi ya kulinda saketi, weka pakiti ya silika jeli, na waya upite kwenye glandi (kizibo cha kupitishia waya) inayobana kweli. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie, asidi yake inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Boksi likipata joto kisha likapigwa na maji baridi linavuta hewa ndani, kwa hiyo glandi zielekee chini na waya uache kitanzi kinachodondosha maji. Mrija wa chuma wa DS18B20 za bei ndogo hutoboka kwenye maji ya bahari, uvishe mpira unaosinyaa wenye gundi ndani. Antena iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya bamvua yaliyojaa, si juu ya maji ya siku uliyokwenda kuchimbia nguzo.

Simu chajini ufukweni. Kituo cha kupokea kiko nchi kavu, hapo weka sola kubwa ndani ya nyumba ya mtu au tumia umeme wa TANESCO.

Mambo machache yanahitaji mtu ana kwa ana. Masafa ya redio unayotumia yahakikishe kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu moduli nyingi zinauzwa zimewekwa kwa nchi nyingine. Eneo la kuchimbia nguzo lizungumze na viongozi wa kijiji na wa rasilimali za pwani, ili wavuvi wasikutane na chuma usiku. Vipimo vya joto vikianza kutumika kuamua lini mbegu ihamishwe, vipelekee wataalamu wa mwani wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar wavilinganishe na vyao, maana DS18B20 bandia ni nyingi na zinaweza kukosea nyuzi nzima. Na zile 18650 zako, kama kuna iliyo na kutu, imebonyea au inapata moto ukiichaji, usiirudishe kwenye boksi wala usiitoboe. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, halafu umpelekee fundi anayefanya kazi na betri za litiamu.